Mstari Nilioruka Ukurasa wa Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KIOO CHA MLANGO, IDARA YA HISABATI

Jinsia: Mke. Umri: Miaka 57. Kazi: Katibu muhtasi, Idara ya Hisabati. Makazi: Nyumba za wafanyakazi wa chuo, ghorofa ya pili.

Nimeonywa niseme kweli. Nitaisema yote, hata ile ambayo sikuulizwa.

Mnamo tarehe 12/03/2019, saa 5:10 asubuhi, nilikuwa ofisini nikipanga ratiba ya mitihani. Mlango niliufunga kwa ndani kwa sababu wanafunzi hawaishi kunisumbua. Nikasikia mtu anakimbia kwenye korido, kisha sauti ya mhadhiri mwenye miaka 63 ambaye nimefanya naye kazi tangu ujana: "Dada, fungua! Imekubali! Imekubali bila sharti!" Kabla sijainuka alipiga kioo kwa kiganja, kikamwagika chote. Hakutaka kuiba kitu. Aliingiza mkono kwenye tundu akiwa ameshika karatasi, anacheka huku machozi yanamtoka. Niliisoma, nikapiga vigelegele. Mlinzi alidhani ni mayowe, akaja akamkamata.

Afande ameuliza karatasi ilikuwa na nini. Ameniambia nifupishe, lakini hapa sifupishi.

Mwaka 1996 mhadhiri huyu aliandika makala ya aljebra kwa mkono, nami nikaichapa kwa taipureta. Kanuni aliyoithibitisha ilikuwa na sharti: inashika kwa makundi yenye kikomo tu. Ukurasa wa tisa niliruka mstari wa sharti hilo. Mwanangu alikuwa na homa, nami nilikuwa na haraka ya kutoka. Yeye aliituma bila kuisoma tena kwa kuwa aliniamini. Ikatoka ikidai zaidi ya alichothibitisha.

Wanahisabati hupimana kwa idadi ya mara wanazotajwa na wenzao. Makala yake ilitajwa mara 31, zote za kumsuta. Wanafunzi wakambandika jina, Mwalimu Kasoro. Uprofesa ulimpita mara tatu, na barua zote za kumkatalia nilizichapa mimi. Kila alipoulizwa alijibu, "Kosa langu." Mimi nikanyamaza miaka 23. Niliona aibu, na bado naiona.

Karatasi ya leo ni ya msomi wa mbali, hatumjui hata kwa sura. Amethibitisha kwamba kanuni inashika kwa makundi yote, bila lile sharti. Yaani vilevile nilivyoichapa mimi! Na ameipa jina la mhadhiri wetu. Afande ananiambia nikae, siwezi kukaa. Hadi natoka ofisini saa 7:30, watu sita walikuwa wameandika kuomba makala ile, na mwenyewe yuko mahabusu hana viatu.

Naomba asishtakiwe. Mkosaji ni mimi, na si kwa habari ya kioo.

Nimesomewa maelezo haya polepole nikihesabu mistari. Hakuna uliorukwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, saa 9:05 alasiri. Mkuu wa Idara amefika na kuondoa malalamiko, mtuhumiwa ameachiwa. Mhadhiri aliposomewa maelezo haya kaunta alisema alilijua jambo hilo tangu wiki ileile makala ilipotoka, kwani nakala ya mkono bado anayo. Kisha akaomba namba ya jalada. Nilipomuuliza ya nini, alijibu kwamba katika makala ijayo anataka kumtaja shahidi.