Kidole Chenye Kucha Nyekundu

Aneth upo? Acha hata hicho unachopika, unisikilize.

Unaijua ile programu ya hesabu niliyoweka kwenye simu yangu na ya Baba Kamili? Mwaka mzima namwimbia huko machimboni kwake Bugarama: ukinunua kitu, piga picha risiti, iambatanishe kwenye muamala wake. Ananijibu, "Mambo hayo mimi siyawezi."

Leo nafungua, nakuta kila muamala una risiti yake. Dizeli, mkanda wa karasha lake la kusaga mawe ya dhahabu, pampu ya maji. Zimepangwa hadi raha!

Nikafurahi, shoga. Nikafurahi kama mjinga!

Halafu nikaona kidole. Kila picha, kidole kimebana kona ya risiti. Kucha ndefu, rangi nyekundu. Baba Kamili ana kucha nyekundu tangu lini?

Nikampigia. Eti, "Ni Evelina wa duka la dawa, alinisaidia tu. Si ulitaka risiti?"

Si nilitaka risiti! Kanijibu hivyo hivyo, bila hata kigugumizi. Mimi nimemfundisha mwaka mzima hakuelewa. Yeye na huyo Evelina walikaa wapi, kwenye meza ya nani, mpaka wakazimaliza zote?

Nikaanza kukuza picha moja moja. Ya mwisho inaonyesha mpaka mkono wa gauni lake.

Unakikumbuka kitenge changu cha Pasaka, cha ndege wa bluu? Kile alichoniletea Baba Kamili akiapa kwamba kilibaki kimoja tu Kahama nzima?

Ndicho hicho, Aneth. Na mimi ndicho nilichovaa sasa hivi nikikuandikia.