Mguu wa Nne wa Kifaa cha Njau

Kimbo, Ruiru,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Baba Ndung'u,

Habari ya siku nyingi? Mimi tata yako, dada ya baba yako, ni mzima, isipokuwa hili goti la kulia linalojua mvua kabla ya redio. Baridi ya huko Ulaya, hapo Gent, mnaivumiliaje? Emmah hajambo? Na mtoto, ameanza kutembea ama bado anashikilia viti? Huwa tunawaombea kila Jumapili, na leo nimewaombea kwa muda mrefu zaidi. Nitakueleza kwa nini.

Najua nikikuita Baba unacheka, ulicheka hata ukiwa mdogo. Lakini wewe ndiye mtoto wa kwanza wa ndugu yangu Gachau, ukapewa jina la baba yetu, na kwetu mwenye jina ndiye mwenyewe. Mimi Mungu alinipa mvulana mmoja tu, Njau, naye akaenda na jina la upande wa babake. Kwa hivyo baba yangu yuko kwako peke yako. Liweke hilo akilini unaposoma haya mengine.

Barua hii nimempa Beth mkononi, yule msichana wa jirani yangu anayesomea unesi huko kwenu. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata Emmah, na mke wako anisamehe. Simu siiamini tena. Ujumbe wa simu mtu husema hakuuona, ama ulifutika, ama mtoto alikuwa akichezea simu. Nimekuandikia tangu Januari, na kila ujumbe una zile alama mbili za buluu, lakini jibu sijapata. Sasa Beth atasimama hapo mpaka umalize kusoma.

Huku nyumbani mvua haijaja, ila mawingu yanajipitisha kila jioni kama watu wanaotaka kuonekana. Baba yako huko Ngoliba presha yake imetulia, ameshatayarisha shamba ingawa tulimwambia apumzike. Hapa Kimbo wamejenga ghorofa mbele ya dirisha langu, nguo hazikauki, na naamini kabisa mwenye ghorofa hilo anavuta maji kwenye bomba letu. Fundi anasema si kweli. Huyo fundi naye nimemwona akinywa chai kwake.

Sasa nije kwa Njau.

Unakijua kile kifaa chake, kibao cha elektroniki cha ukubwa wa kiberiti kinachowekwa ndani ya droni. Wewe ndiye umesomea mambo ya ndege, mimi naeleza kama mama: kinasikiliza mota zote nne, na moja ikianza kuugua, kinaishusha droni polepole kabla haijaanguka kama jiwe. Vumbi la mashamba ya Gatuanyaga linakula mota. Wakulima wanaopulizia dawa kwa droni walikuwa wanapoteza mashine kila msimu, na sasa walio na kifaa cha Njau mashine zao zinashuka kwa adabu. Moja ilishuka katikati ya mbuzi wa mzee Maluki, na mbuzi hawakuacha hata kula.

Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, Njau aliomba patenti ili kitu hicho kijulikane ni chake. Tukakaa tukingoja. Mwaka jana, Krismasi ikikaribia, wakili wake anayeitwa Mwelu akatuita ofisini kwake Thika. Alitupa viti kwanza, na mimi mtu akinilazimisha kukaa kabla ya kusema, najua ni mabaya. Akasema kuna kampuni moja ya Ulaya iliyoomba patenti ya kitu kile kile, miezi michache kabla yetu.

Wewe unaelewa maana yake kuliko mimi. Anayeomba kwanza ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye kitu. Ile sacco ya wakulima iliyotaka kumpa Njau kazi ya kutengeneza vifaa vya wanachama wote imerudi nyuma, inasema haiwezi kununua kitu chenye kesi. Na wale wa Ulaya wakipata patenti hapa kwetu pia, wanaweza kumkataza Njau asitengeneze kifaa alichokitoa kichwani mwake.

Tangu siku hiyo mtoto wangu si yule. Haendi Gatuanyaga kwa wakulima wake. Anaamka, anakunywa chai, anarudi kitandani na viatu. Mtu wa miaka thelathini na kitu, namsikia kupitia ukutani akipumua kama mgonjwa. Hilo linaniuma kuliko patenti yenyewe.

Mimi sikulala kitandani. Nilianza kutafuta mwizi.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Dev. Huyu ndiye mwenye karakana ya vyuma kule Thika, aliyempa Njau kona na meza ya kufanyia kazi, bure. Na hiyo bure ndiyo iliyoniwasha. Nikajiuliza, Mhindi mwenye mali anampa mtoto wangu meza bure kwa nini? Nikakumbuka alikuwa akipenda kuja kuangalia, na simu yake ameiinua kama anayepiga picha. Nikamwambia Njau atoe vitu vyake hapo siku hiyo hiyo. Nikaacha hata kumsalimia mamake, Ansuya, ambaye nimenunua vitambaa kwake tangu nianze kushona. Nilikuwa nikipita mbele ya duka lake nikiangalia upande wa pili wa barabara kama mtu anayetafuta choo.

Halafu mwezi wa Januari Mwelu akapata ile michoro ya kampuni ya Ulaya, kwa maana ukiomba patenti ikifika wakati inawekwa wazi na mtu yeyote anaweza kuitazama. Akaiweka mezani. Njau akaangalia mchoro wa kwanza, akaangalia wa pili, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na nikaona kwamba sio machozi ya kicheko.

Baba, kile kibao kinakaa juu ya miguu midogo ya mpira, ili kisitikisike droni ikiwa hewani. Kona nne, miguu minne. Mtu yeyote angeweka minne. Mchoro wao una mitatu. Kona ya nne iko wazi, haina kitu. Na chini yake wameandika maelezo marefu, Mwelu akatusomea, kwamba miguu mitatu imechaguliwa kwa makusudi kwa sababu inatuliza mtetemo kuliko minne.

Wewe unajua ni kwa nini mitatu. Ulikuwepo.

Ilikuwa Krismasi ya 2022, kwa baba yako Ngoliba, mlipokuja nyote. Njau alikuwa amemaliza kifaa cha kwanza kilichofanya kazi. Kitu cha kwanza cha mikono yako, iwe ni mshahara, iwe ni mbuzi, hukili peke yako, unakipeleka kwa mzazi akubariki. Baba yangu alishatutoka, kwa hivyo mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Njau, mpe Ndung'u, huyo ndiye babu yako. Akakuletea kwa mikono miwili. Na akakuonyesha, huku anaona haya, kwamba kona moja haina mguu, kwa sababu skrubu ilikatikia ndani ya tundu na hakuwa na nyingine, maduka yamefungwa kwa Krismasi. Ile mitatu alikuwa ameikata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Tulicheka sote. Wewe ulisema kifaa kinachechemea kama tata Waruguru.

Vingine vyote alivyotengeneza baada ya hapo, kwenye ile meza ya Dev, vina miguu minne. Njau alinipangia vyote juu ya kitanda nione. Dev hajawahi kuona chenye mitatu. Duniani kipo kimoja tu, na kiliondoka Ngoliba ndani ya begi lako.

Nilienda kwa Ansuya kuomba msamaha, nikampelekea trei ya mayai ya kienyeji. Nilisahau kwamba yeye hali mayai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akayapokea, akampa mlinzi wa mlangoni, akaniuliza kama Njau anataka meza yake. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niolewe. Lakini aibu hiyo ilinifundisha kitu, nisimhukumu mtu kabla hajasema. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sijamwandikia mtu mwingine.

Mwelu alisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia anyamaze, kwamba hakujui. Nilipofika nyumbani nikaanza kukuhesabia mambo, Mungu anisamehe. Kampuni hiyo iko hapo hapo Gent. Wewe ulihamia kazi mpya mwaka uliofuata Krismasi ile, na hukutuambia ni kazi gani. Tulipokuwa tunaosha vyombo Ngoliba uliniuliza kama Njau ameshaandikisha kitu chake, nikafurahi nikidhani unamjali. Mwaka jana Emmah alituma picha ya nyumba yenye ngazi ndani. Na sasa hushiki simu yangu. Kila moja peke yake si kitu, mtu anaruhusiwa kuwa na ngazi. Nikiziweka pamoja napata kizunguzungu.

Lakini kuna jambo moja linalokutetea, na nimelishikilia kwa mikono yote miwili. Aliyeandika yale maelezo hakujua habari ya skrubu. Wewe ulijua. Kama ungekuwa wewe uliyekaa chini ukachora, ungeweka mguu wa nne, ama usingesema uongo wa mtetemo. Kwa hivyo nadhani ulimpa mtu. Labda ulikiweka mezani kazini ujivunie binamu yako, mtu akaomba akiangalie, akakaa nacho. Labda ulikiuza. Labda kiliibwa na unaona haya kusema. Nimeziwaza zote nikiwa kwenye cherehani, na nimeshona zipu ya mteja mmoja upande wa nyuma mara kadhaa.

Mwelu anasema bado kuna njia. Tukiweza kuonyesha kwamba kitu hicho kilitoka mikononi mwa Njau na kikafika huko kabla hawajaomba, ombi lao linaweza kupingwa. Anahitaji vitu viwili. Kifaa chenyewe, kwa maana ile skrubu iliyokatika bado iko ndani ya tundu lake, na hakuna mzungu atakayeeleza skrubu iliyokatika kwamba ni ya kutuliza mtetemo. Na anahitaji neno lako la kiapo, kwamba ulipewa na nani, lini, na wewe ukampa nani.

Najua neno hilo linaweza kukugharimu kazi. Sio kwamba sijafikiria. Ukifukuzwa, rudi, kuna chumba hapa, ingawa hakina jua. Njau hatakufungia mlango, namjua. Aliponiona nikianza barua hii alisema niandike kwamba yeye hataki kesi na wewe, anataka tu kujua. Halafu akarudi kulala.

Beth anakuja tena nyumbani Pasaka kwa harusi ya dadake. Hapo Gent anaishi karibu na kituo cha treni, Emmah anapajua. Mpe kifaa, akitie ndani ya soksi, asikiweke kwenye lile begi kubwa wanalolitupa tupa. Kama hunacho, mwandikie Mwelu kiko kwa nani. Na kama hutaki kufanya lolote kati ya haya mawili, mwambie Beth hivyo ana kwa ana, usimzungushe, ana mitihani.

Baba yako hajui chochote. Kila nikienda Ngoliba ananionyesha picha yako ukiwa na kofia ya kazini, na ananiuliza Njau atatajirika lini. Namwambia karibuni. Sitamwambia kabla ya Pasaka. Baada ya Pasaka siwezi kuahidi, kwa sababu akiniuliza nikimwangalia usoni mimi sijui kudanganya ndugu yangu.

Baba yako anakusalimu sana. Njau pia, nimemuuliza nikuandikie salamu zake akasema ndiyo. Ansuya na Dev wanakusalimu, hawakujui lakini wamesikia habari zako. Nisalimie Emmah, na mbusu mtoto shavuni kwa niaba yangu.

Hapa ndipo ningekuandikia baraka, lakini kwetu anayebariki ni mzee, na kati yetu wewe ndiye mzee. Siku ile Ngoliba nilikuambia umbariki Njau kama babu alivyokuwa akifanya. Ulisita kidogo, ukashika mikono yake, ukamtemea viganjani. Alikaa mpaka jioni bila kunawa. Nirudishie kifaa, Baba, nijue kama yalikuwa baraka ama yalikuwa mate tu.

Ni mimi tata yako, ambaye mpaka leo anakupenda,
Waruguru.