Tarishi wa Ndani ya Laptopu

Jumatatu, 3 Machi 2025. Oli, Arua

Leo nimekuwa mtu wa kompyuta! Kevina, mke wangu, anacheka tu. Tangu niunguze redio yake haniamini na kitu chochote cha umeme — na mimi jeshini nilikuwa mtu wa signal, wa redio za mawasiliano!

Laptopu ilikuwa ya ofisi ile ya kutafuta waliopotea vitani. Wameuza mashine zao kuukuu, nikabeba moja. Kibandiko chao bado kiko mgongoni. Sikitoi. Kinanipa heshima.

Shida yake ni kuhamahama. Network ya Oli inakubali barua pepe, ya Koboko siku nyingi inakataa. Kwa hiyo Nasur, fundi wa hapa, ameniwekea posta ndogo ndani kwa ndani. Naandika popote, barua inakaa foleni, nikipata network tarishi wa humo anaitoa mwenyewe. Nasur yuko kwenye Ramadhani, hacheki kabisa. Nimemwonyesha mandazi. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi. Koboko

Siku ya soko. Nimekaa kwa Celestina, muuza chai, kuandikia watu barua.

Huyu mama alitoka Yei, Sudan Kusini, na watoto watatu, akafika hapa na wawili. Yengi, wa miaka kumi na saba, walipotezana porini upande wa Congo. Ile ofisi ya waliopotea ina meza katika kambi za huko, lakini haitaki simu. Inataka barua pepe. Haya, nimeandika.

Simu yangu, ndiyo inayoipa laptopu network, ilikamatwa na network ya Congo, halafu ya Sudan, halafu hakuna kitu. Barua sita za watu zimelala foleni. Ya Celestina? Imeenda palepale! Bila network! Mashine imeandika kwa Kizungu: imetumwa, na maneno mengine kwenye mabano.

Nikamwambia, mama Yengi, barua yako ina mbio kuliko wewe.

"Mzee, iko kweli imefika?"

"Imefika! Mimi mutu ya signal."

Akanimiminia chai ya pili.

Jumatano, 12 Machi. Oli

Barua sita zilitoka nilipofika nyumbani. Obitre, mmoja wa wenye barua hizo, tayari amejibiwa na mwanawe wa Gulu. Ya Celestina — kimya. Nimeandika tena. Imeenda kama risasi.

Padri anasema kila mtu aache kitu kwa Kwaresima. Nimeacha kumsikiliza padri.

Jumamosi, 15 Machi. Koboko

Barua mbili leo, zote kwa ofisi. Celestina anataka niongeze: mwambieni Yengi mguu wa mdogo wake umepona. Yengi ndiye aliyembeba mgongoni siku mbili, huyo mdogo. Nikamtania, mama, ofisi si redio ya salamu! Hakucheka. Nikaongeza.

Amemtafutia Yengi godoro. Liko nyuma ya jiko, limesimama ukutani, bado na nailoni yake.

"Mzee, labda hawanipendi."

Nikasema, wazungu wanachelewa hata kupenda. Lakini njiani nimekosa raha. Kwa nini ya huyu mama tu inaenda bila network? Jeshini, ukiita na kujibiwa haraka hivyo, ujue unasikia sauti yako mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi. Oli

Nimempelekea Nasur. Akafungua. Akaangalia, akaangalia tena. Nasur akiangalia mara mbili ni vibaya.

"Mzee, mashine hii bado inajiita kwa jina la ofisi. Hawakufuta, na mimi sikuangalia. Ukiiandikia ofisi, inasema ofisi ni mimi. Inapokea yenyewe."

Akafungua sanduku la barua la humo. Zimo. Barua nne za Celestina, zimepangana vizuri kama sare kabatini. Zimezunguka Oli na Koboko kwenye begi langu.

Na yale mabano? Yanasema: imewekwa sanduku la humu humu. Kila mara yalikuwepo! Mimi nilisoma neno la kwanza, nikaanza kujigamba. Elimu yangu ya darasa la nne ni hiyo.

Nasur amebadilisha jina. Tumezituma upya zote nne. Kwanza zikakaa foleni kama barua za watu, halafu zikatoka moja moja. Sikuwahi kufurahi kuona barua inasubiri.

Kevina hakucheka leo. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 20 Machi. Koboko

Jibu limeingia. Leo network ya Koboko imekubali, limeingia nikiwa hapa hapa kwa Celestina, kikombe mkononi. Nimelisoma mara tatu, mpaka mabano.

Yengi alikuja kwenye meza yao tarehe 11. Akaja tena tarehe 14. Aliulizia barua ya mama yake, wakamwambia hakuna. Tarehe 16 aliondoka na wachimba dhahabu. Hakuacha namba. Wanasikitika.

Tarehe 14 barua mbili zilikuwa kwenye begi hili. Nilikuwa nimezilalia kama mto.

Naandika haya daftari likiwa juu ya laptopu, nionekane bado nasoma. Celestina amesikia mashine inalia. Ameshusha birika, amefuta mikono kwenye kitenge, amewaita watoto wote wawili. Yule wa mguu amekuja mbio, anaruka ili nione umepona.

"Mzee, soma polepole. Usiruke hata neno."

Nimemwambia ngoja, mama Yengi, network.

Network iko. Imejaa mpaka juu.

Amevuta kiti.