Neno la Mjomba Juu ya Zamda

Mafinga, Jumapili

Dada yangu Sharifa,

Assalamu alaikum. Shikamoo. Najua marahaba yako sasa hivi ni ngumu kunipa, lakini shikamoo yangu ipokee tu, hata ukiiweka pembeni. Mama anaendeleaje na goti? Mikorosho mmeshaipulizia salfa, au bado mnahangaikia mashine? Mie mwili mzima, ila baridi ya huku haina huruma, asubuhi tunabeba mbao vidole vimekufa ganzi. Lakini si baridi iliyonishikisha kalamu.

Simu zangu hupokei. Sikulaumu. Barua hii nimempa dereva wa lori la mbao anayeshuka Lindi, kaniahidi ataifikisha hapo Kitomanga. Naomba uisome kwa sauti mbele ya mama na mbele ya Bi Esha kungwi. Neno nililolitoa lilisikiwa na watu, na kulifuta kwake pia kusikiwe na watu.

Dada, nina aibu. Nina aibu hata ya kuandika jina la mwanao.

Uliniambia mapema. Ulisema, "Issa, Zamda hawezi ngoma. Hataki kushikwa, hataki kelele, na kusema hasemi. Wenzake waingie unyagoni, yeye tumwache." Ulinibembeleza, wewe mkubwa wangu, kwa kuwa kwetu neno la mjomba ndilo la mwisho kwa mtoto wa dada. Mie nikajitanua kama bwana shauri. Nikakwambia mpwa wangu hawezi kubaki nje kama kuku mgeni, watu watasema nini, nani atamposa mtoto asiyechezwa? Nikasema nimeshasema. Loo! Sikukuuliza hata swali moja kuhusu mtoto mwenyewe.

Zikapita siku za kuwekwa ndani, mkanipa habari kuwa Bi Esha anamsifu, mwali mtulivu, hainui uso wala hajibu. Nikavimba kichwa. Jumamosi ya kutolewa nikawakusanya wenzangu wa kiwandani kwenye kibanda cha chai cha mama mwenye nyumba yangu, mkanipigia kwa video, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai ili waone mila zetu za Lindi zilivyo.

Yaliyotokea uliyaona kwa macho yako, lakini hukuona ya upande wangu. Walipombeba begani na ngoma zikashika, na vigelegele, na kila mkono ukitaka kumgusa, nilimwona Zamda akijipiga kichwa kwa viganja. Nikamwona akimng'ata Bi Esha, akianguka, akizitupa khanga na kukimbilia banda la kuku na gauni la ndani tu. Huko kwenu watu walicheka. Na huku walicheka. Mmoja akaniuliza, "Issa, huyo ndiye mpwa wako?"

Nikasema siye. Nikasema wangu bado hajatoka, huyo ni mtoto wa jirani, ana mashetani. Kisha nikakata simu.

Astaghfirullah. Damu yangu mwenyewe, dada.

Jioni ile nilipokupigia, nilikuwa na hasira ya aibu yangu, si ya kosa lake. Nikakuamuru umfungie chumbani kwa kufuli, asionekane na mtu hadi nije mwezi wa kumi na mbili nimpeleke kwa mganga. Ukanijibu, "Sawa, mjomba." Hukuniita Issa. Tangu hapo hujaniita kitu.

Jumatatu iliyopita mama akanipigia kwa simu ya jirani. Akasema Zamda anapiga ukuta kwa kiganja kutwa nzima, chakula hagusi ila kipande cha muhogo mkavu. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, neno lako lile limekwisha au bado?" Nilisema mtandao mbaya.

Mama mwenye nyumba alikuwa anasikia. Ana binti mtu mzima, Tumaini, tunakaa naye ua mmoja. Miaka yote niliyopanga hapa nimekuwa nikinung'unika kuwa Tumaini hana adabu, unamsalimu anaangalia bati. Mama yake akanikalisha. "Issa," akasema, "yule mtoto wa kwenye simu siku ile alikuwa wako. Niliona ulivyobadilika uso. Na anafanana na wangu." Wallahi, nilitamani ardhi inimeze.

Akanieleza kuwa hospitali walimwambia hali ya binti yake inaitwa usonji. Si jeuri, si shetani, si uchawi wa mtu, wala si malezi yako mabaya. Mtoto anazaliwa nao na atazeeka nao. Ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake: kelele ambayo wewe inakuchezesha, yeye inamwingia kama msumeno. Kuguswa na watu wengi kunaweza kumuuma. Na asiyesema si kwamba hana la kusema. Mtoto akipiga ukuta, akaniambia, usikimbilie kumkaripia, angalia kwanza nini kimemtibua.

Kama msumeno! Na mimi kiwandani navaa vya kuziba masikio, nisipovivaa naondoka na kichwa kinaniuma. Mtoto alikuwa akijipiga kichwa kwa sababu ileile, nami nikamwita ana mashetani. Nimekuwekea vya aina hiyo kwenye mfuko uliokuja na barua hii, vyeusi vya kuvaa kichwani. Usimvishe. Viweke mahali anapopita, avishike mwenyewe avizoee.

Nimeanza kumwangalia Tumaini vizuri. Mama yake akitaka kwenda naye sokoni hamkurupushi, anaweka kikapu mlangoni mapema, Tumaini anakiona, anajua. Siku hizi nami nikiingia simzibi njia wala simdai salamu. Nakaa, nanyamaza. Juzi akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka karibu yangu, akaendelea na kukunja magunia yake. Nikamkumbuka Zamda, nilipokuja likizo, alivyokuwa akija kukaa nyuma ya mgongo wangu huku akipanga korosho kuanzia ndogo hadi kubwa. Nami nilikuwa namvuta mkono anisalimie mbele ya wageni, akilia nasema umemdekeza. Kumbe kukaa kule ndiyo ilikuwa salamu yake, na mjomba mtu mzima sikuiona.

Kule kibandani nimekwisha kuwaambia wenzangu. Nilisimama nikasema yule ni mpwa wangu, nilidanganya. Mmoja akaguna, wengine wakainama kwenye vikombe vyao. Sikuweza kunywa chai.

Basi neno langu ni hili, nalo mama alisikie: lile la kwanza limekwisha. Kwa mganga haendi. Likizo yangu tutakwenda wote hospitali ya Lindi tukaulize namna ya kumsaidia, na shule pia tutaulizia. Unyago asirudishwe, na asiitwe mwali aliyeharibika. Na kuanzia leo, dada, juu ya Zamda mwenye kusema ni wewe. Mie nikitaka neno nitakuja kukuomba. Wazee wakiuliza kwa nini mjomba amejivua, waambie alikuwa na madaraka, hakuwa na akili.

Mfikishie Bi Esha shikamoo yangu na pole ya mkono. Mwambie kosa si la mtoto, aliyestahili kung'atwa yuko Mafinga. Mama mwambie mtandao haukuwa mbaya. Shemeji yangu, baba yake Zamda, akirudi kutoka Songo Songo, mwambie nimejua kwa nini alinyamaza nilipoamua juu ya mwanawe bila kumuuliza, na kwamba nitamwomba radhi uso kwa uso. Wewe sikuombi msamaha humu kwenye karatasi, nitakuwa nakutwisha mzigo mwingine.

Kazi moja tu nakuomba, uifanye kabla hujakunja barua hii. Nenda katoe kufuli. Ukishalitoa usimwite, usimvute mkono, na watu wasijae uani kumtazama. Uache mlango wazi, urudi kwenye shughuli zako. Atatoka akitaka mwenyewe.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Issa