Namba Yako Kwenye Boriti

Kileleshwa, Nairobi

Kwako Baba,

Habari za huko Kimilili? Mgongo unaendeleaje, na mvua imefika au bado mnaangalia juu tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa imenipa kikohozi na tangawizi nimeinywa mpaka nimeichoka. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu Mama huiweka spika, boma lote likasikia. Haya ni yako kwanza.

Unajua kampuni yako ya zamani ndiyo iliyoniajiri ofisini Westlands. Sasa wanataka kitabu cha historia yao, na kazi ya kukiandika nimepewa mimi. Nimeeleza walivyoanza na matela ya trekta, wakaingia kwa kreni za kupakulia miwa, hadi leo wanaunda hizi ndefu za kujengea maghorofa. Ni kazi ya kukaa kitako tu. Halafu nikafika kwa ile kreni uliyoichomelea wewe, iliyoangusha miwa ikamvunja dereva mguu. Kwenye faili waliandika sentensi moja: mshono wa fundi uliachia. Jina lako liko hapo, na siku uliyofutwa kazi.

Nilimuuliza meneja wangu kama tunaweza kuhakikisha. Akasema, "Nekesa, hiyo stori ni ya kitambo. Andika vile iko, tumalize." Sikumwambia wewe ni nani kwangu.

Jumamosi nikaenda karakana ya Dagoretti. Mzee Kamau wa stoo, yule mliyekuwa mkinywa chai pamoja, bado yuko. Boriti ya kreni ile, iliyovunjika, imelala nyuma ya stoo. Haijauzwa chuma chakavu kwa sababu hakuna aliyewahi kutoa ruhusa. Kusema ukweli, nilitumaini kukuta namba ya mtu mwingine, maana kila fundi aligonga namba yake kando ya mshono wake. Tukasugua rangi na kutu kwa brashi ya waya. Ikatokea kumi na saba. Ni yako, Baba. Nikakaa chini hapo hapo kwenye mafuta, machozi yakanitoka.

"Sasa unalia nini?" Mzee Kamau akaniuliza. "Wewe umeangalia namba tu. Angalia pale imevunjikia."

Boriti ilivunjika vidole vinne kutoka kwa mshono wako. Chuma chenyewe kilikuwa kimeachana kwa ndani, tabaka juu ya tabaka kama chapati. Kililetwa karakana kikiwa hivyo. Mshono wako bado umeshika, hauna hata ufa.

"Nilisema siku ile ile," Mzee Kamau akasema, "lakini nani husikiza mtu wa stoo?"

Jumatatu niliweka picha mbele ya meneja. Alitaka tuiondoe tu hiyo sehemu, yaishe. Nikamwambia huyo fundi ni baba yangu na siondoi kitu. Akazitazama picha, akamwita mhandisi mkuu, naye hakuchukua hata dakika tano kukubali. Kitabu kitasema chuma kilikuwa kibovu na mshono haukuachia. Kuomba msamaha hawajaomba.

Nina hasira, Baba, sitakuficha. Miaka yote hiyo ulituambia mikono yako ndiyo iliyomvunja yule mtu mguu, nasi tukakubali.

Nisalimie Mama, na Shangazi Naliaka, dada yako, mwambie kitambaa chake nimekipata. Ndugu yangu mdogo Wafula aiache redio yangu, nitakuja Desemba.

Mama aliniambia kanisa linatafuta fundi wa kuchomelea ngazi ya mnara wa kengele, nawe umekataa, ukasema hutachomelea tena kitu cha kubeba mtu. Picha nimezitia humu kwenye bahasha. Vaa miwani, uziangalie pole pole. Kisha nenda ukawachomelee ngazi yao.

Ni mimi binti yako,
Nekesa