Wageni Kumi na Tisa kwa Namba Yangu

Nyumbani kwetu (sisi wawili!),
Ghorofa ya pili, mlango wa bluu,
S.L.P. 418.
17 Agosti

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo, mama yangu wa pili. Hujambo huko ugenini? Mgongo umetulia, au bado unakuamsha alfajiri? Na baba mdogo, ameshaizoea zamu yake mpya? Sisi huku tu wazima, tena wazima wa kupitiliza. Ndoa imefikisha wiki tisa na siku mbili, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unanidunda kama wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Usinicheke.

Asante sana kwa mashuka. Yale ya maua nimeyatandika, yale meupe nayaogopa.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu ilikuwa nzito juma lile, nami nikakwepa kwa sababu mama alikuwa ameketi hapohapo. Sasa nakueleza yote.

Unajua nipo mapokezi kwenye nyumba ya wageni, na mume wangu, huyu wanayemwita Waya, ndiye fundi anayetunza intaneti ya pale. Mwaka jana aliweka utaratibu mpya. Mgeni akitaka kuingia mtandaoni anaandika namba yake ya simu, anatumiwa ujumbe wenye tarakimu sita, akiziandika ndipo anafunguliwa. Zamani nenosiri lilibandikwa ukutani, hata wapita njia walikuwa wanajichotea tu. Sasa kila anayeingia anajulikana kwa namba yake.

Tatizo ni kwamba ujumbe haumfikii kila mtu. Wapo wenye laini za nje, wapo ambao simu imezima na wana kompyuta tu. Wanarudi mapokezi wamevimba. Nami, kwa raha niliyokuwa nayo tangu nichumbiwe, nilitaka dunia nzima ifurahi kama mimi, basi nikawa nawaambia, "Andika yangu." Ujumbe unaingia kwenye simu yangu, namsomea mgeni tarakimu, anaondoka akinibariki. Sikumwambia Waya. Sikuona kama ni jambo la kuambiana.

Jumatatu moja akaja mpelelezi. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa ametengenezewa ukurasa wa uongo, wenye jina na picha yake, na wazazi wa wanafunzi wake wakatumiwa matusi kupitia ukurasa huo. Uchunguzi ulionyesha kwamba yalitumwa kwa intaneti yetu, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri. Meneja akamwita Waya afungue kumbukumbu na kuisoma namba iliyothibitishwa saa hiyo. Mama Mdogo, Waya anaijua namba yangu kuliko yake. Alisoma tarakimu tatu za kwanza, akanigeukia.

"Endelea, fundi," meneja akasema.

Nikazimalizia mwenyewe.

Namba yangu ilikuwa imefungulia vifaa kumi na tisa. Meneja akanipa mpaka Ijumaa nieleze kila kimoja ni cha nani, la sivyo nikabidhi funguo za mapokezi, na mpelelezi aandike kwamba mtukanaji ni mwenye namba.

Jioni nilimwomba mume wangu afute kumbukumbu. "Ni dakika moja tu, mpenzi."

"Hata nusu dakika sifuti."

"Basi hunipendi."

"Nakupenda, ndiyo maana sifuti. Nikifuta, kitakachobaki ni neno lao tu kwamba ni wewe."

Nilinuna siku mbili nzima. Namtengea chakula bila kumtazama, naye anaishukuru sahani: "Asante, dada sahani, wewe angalau unanitazama." Nilikuwa nakwenda jikoni kuchekea huko asinione.

Siku ya tatu nikalainika. Tukajifungia kwenye stoo ya mapokezi na daftari la wageni. Yeye anasoma tarehe, saa na aina ya kifaa, mimi natafuta nani alikuwa kwetu siku hiyo. Nina mazoea ya kuandika mambo madogo pembeni mwa jina la mgeni: anataka mto wa pili, hapendi chumba cha barabarani. Meneja alikuwa akinigombeza, eti nachafua daftari. Kwa maandishi hayo tulipata kumi na saba. Pembeni mwa jina la mgeni wa chumba namba sita, Alhamisi ile, nilikuwa nimeandika: kompyuta tu, simu imezima. Huyo akawa wa kumi na nane, na ndiye mpelelezi aliyemfuata. Amekiri, na ule ukurasa umefutwa.

Kilibaki kimoja, cha zamani kuliko vyote, cha siku ileile Waya alipofunga mitambo. Nilipekua mpaka macho yakauma. Nikamwona ameinama, masikio yamemwiva.

"Hicho ni changu," akasema. "Nilikudanganya kwamba ujumbe haujanijia. Nilikuwa naitaka namba yako."

Ningempiga na daftari, nikambusu badala yake. Ijumaa alimwambia meneja mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili.

Mwalimu alikuja kumalizia maelezo yake palepale kaunta yangu. Nilimwomba radhi. Alisema tu, "Nimesikia, dada," akachukua mkoba wake. Hilo bado linanichoma, maana yule mgeni wa chumba namba sita nilimfungulia mlango mimi, huku nikitabasamu.

Kazi ninayo. Siku hizi ujumbe usipomfikia mgeni, namwambia pole, hapati, na akifoka namwacha afoke. Meneja alituandikia onyo, barua moja, majina mawili, maana kosa lilikuwa moja. Tukaazimana kalamu. Niliandika jina la ndoa kwa mara ya kwanza kazini, na Waya akasahihisha herufi moja niliyoiruka. Ni karatasi ya pili tuliyotia saini pamoja. Nimeiweka bahasha moja na cheti cha ndoa.

Nisalimie baba mdogo, Kibonge na wale pacha, na shemeji jirani yenu. Mama anakusalimu, ila haya usimwambie. Mungu akutulizie mgongo na akurudishe kwetu salama.

Mimi mwanao nikupendaye bila kupungua, sasa mke wa mtu,
Kidoti