Neno Lako Juu ya Mlango wa Mama

Karakana ya Kamba,
Mlango wa kijani, nyuma ya soko.
9 Juni.

Mpendwa Profesa,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepoa? Sisi wazima. Mama anakula, analala, goti tu ndilo linamsumbua kukiwa na baridi. Mimi pia mzima, ila nimekukasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi, basi usinilaumu kwa mwandiko.

Kibao chako kimefika. Mchora vibao uliyemwagiza kwa simu alikuja mimi nikiwa sokoni, akang'oa kile cha "Kamba za Mama" alichokiandika marehemu Baba kwa mkono wake, akapigilia "Entwine". Hukuniuliza. Hukumwuliza Mama. Hivi wewe ni mwana wa nyumba hii au ndiye mwenye nyumba?

Wateja wametukimbia. Mzee wa mbuzi, anayenunua kamba kwetu tangu wewe hujaota meno, alipita moja kwa moja akaenda kwingine. Alidhani tumehama, pamekuwa saluni.

Halafu ukampigia Mama kumweleza. Eti maana yake ni kusokotana, eti asili yake ni neno la kale la Waingereza la uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili, lenye undugu na "mbili" yao. Ukasema nyuzi hizo ni wewe na yeye. Maneno matamu hayo! Mama alikusikiliza mpaka mwisho, akakushukuru, akakata simu. Kisha akaniuliza, "Sasa huo uzi wa pili uko wapi?" Nikaimeza hasira yangu.

Maana unajua fika, kamba haisokotwi na mtu mmoja. Mama hukaa mwisho wa ukumbi akisokota, na upande wa mlangoni ulikuwa ukivuta wewe. Uliaga unakwenda mwaka mmoja tu. Wanangu pacha wamezaliwa na sasa wanasoma. Siku hizi navuta mimi, nikiacha cherehani yangu. Nikichelewa, Mama hufunga ncha yako kwenye nondo za dirisha. Dirisha halijui kulegeza kamba inapofupika kwa msokoto, basi inajikunja mafundo, tunaitupa.

Kibao cha Baba nimekirudisha mwenyewe kwa nyundo. Chako nilitaka kukipasua kuni. Mama akakataa katakata, akamwita seremala akitie miguu, kikawa kigoda, akakiweka palepale ulipokuwa ukikaa. Nami navuta nimesimama, mgongo unaniuma, kwa kuwa anasema kigoda kina mwenyewe.

Basi achana na asili ya maneno. Kama unakuja, sema lini. Kama huji, mwambie Mama kwa mdomo wako, nipate kukaa.

Shangazi anakusalimu, na pacha pia, wasioijua sura yako. Mungu akulinde, na akutie haya kidogo.

Dada yako, akupendaye na ambaye bado hajakusamehe.